"Lest" si "unless"

Ukipita penye mnara wa kumbukumbu ya vita katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza, huenda ukakuta maneno matatu yamechongwa: "Lest we forget". Wapo wanaodhani yanasema "na tusahau", kwa kuwa "lest" na "let" zinafanana machoni. Maana yake ni kinyume kabisa: tusije tukasahau. Wala si sentensi kamili. Ni kipande cha shairi ambalo Rudyard Kipling alilitoa mwaka 1897, wakati Malkia Victoria akitimiza miaka 60 ya utawala. Katika shairi hilo Mungu anaombwa abaki na watu wake, wasije wakasahau. Mnarani ombi limeachwa, umebaki mkia.

Kosa ninaloliona zaidi, na linaloharibu maana kuliko yote, ni kuitumia "lest" mahali pa "unless". Mwanafunzi anaandika "I will not come lest you call me" akikusudia "sitakuja usiponiita". Alichoandika hasa ni "sitakuja, usije ukaniita", yaani anakaa mbali ili asiitwe! "Unless" inaweka sharti. "Lest" inataja jambo baya ambalo mtu anajaribu kuliepusha.

Inasikitisha kuona neno hili likifundishwa kama fumbo kwa watu wanaozungumza Kiswahili, maana sisi tunao muundo unaofanya kazi hiyohiyo kila siku: asije aka-, usije uka-, wasije waka-. Fungua Mwanzo 3:3. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema "neither shall ye touch it, lest ye die". Ya Kiswahili inasema "wala msiyaguse, msije mkafa". Mama anayesema "funika mahindi, kuku wasije wakayala" angesema kwa Kiingereza "Cover the maize lest the chickens eat it". Ukipata shaka, jaribu kuweka "-sije -ka-" mahali pa "lest". Sentensi ikikubali, umelitumia sawasawa.

Jaribio hilohilo linafuta dhana nyingine, kwamba lazima "not" ifuate kwa sababu maana ni ya kukanusha. Ukanushi umo tayari ndani ya "lest". "Hold the child lest he fall" ni "mshike mtoto asije akaanguka". Ukiongeza "not" unamshika mtoto kwa hofu kwamba hataanguka. Na baada ya vitenzi vya hofu mambo hayabadiliki: "She feared lest he drown", aliogopa asije akazama.

Kuna suala la kitenzi, na hapa hata wenyeji wa Kiingereza hawakubaliani. Shuleni tumezoeshwa kwamba baada ya "he" kitenzi hupata "s", kwa hiyo "lest he fall" inaonekana kama kosa la chapa. Si kosa. Kitenzi hapa kinabaki katika umbo lake la msingi: "lest he fall", "lest she be late". Njia ya pili, iliyozoeleka Uingereza, ni kuweka "should": "lest he should fall". Utakutana na "lest he falls" kwa waandishi kadhaa wa Uingereza, lakini katika mtihani au barua rasmi mimi ningeshika zile mbili za kwanza.

"In case" nayo huchanganywa na "lest". Mtu hubeba mwavuli "in case it rains", akijiandaa kwa mvua ambayo hana uwezo wa kuizuia. Anachoweza kuepuka ni kulowa, kwa hiyo "lest I get wet" ndiyo inayokaa vizuri zaidi.

Wengine husema neno hili limekufa. Halijafa; limo magazetini, kwenye hotuba na katika maandishi ya sheria. Ila lina uzito wa shughuli rasmi. Kwa ujumbe wa simu, "Hurry lest you miss the bus" utaeleweka lakini utasikika kama mhubiri. Rafiki mwandikie "Hurry or you'll miss the bus".