Kibali cha kuwinda hakikuingizi hifadhini

Hapa Tabora nasikia mara kwa mara, hata kwa vijana wanaotembeza wageni, kwamba mtalii akishalipia uwindaji anaweza kupitia hifadhi yoyote ya taifa siku ya mapumziko, bunduki garini, maana "kibali anacho". Sivyo kabisa.

Uwindaji wa kitalii hufanyika kwenye vitalu maalumu, vikiwemo vya mapori ya akiba yaliyo chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Hifadhi za taifa ni za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na humo mnyama hawindwi. Kiingilio hulipwa upya.

Siwalaumu wanaochanganya. Ugalla lilikuwa pori la akiba, na wawindaji walipiga kambi kule miaka na miaka. Mwaka 2019 eneo lake kubwa likapandishwa hadhi, likawa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Viboko ni walewale, mbung'o ni walewale, ila sheria imebadilika.

Mgeni aliyemaliza kuwinda mimi humshauri aende Kigoma, apande boti Kibirizi hadi Gombe, hifadhi ya taifa tangu 1968. Hapo gari halina kazi. Unapanda mlima kwa miguu nyuma ya mwongozaji, jasho linakutoka, mara matawi yanatikisika na sokwe anashuka na mwanawe mgongoni. Unasimama mbali, barakoa usoni, kwa sababu mafua yako yanaweza kumuua. Ukiwa na kikohozi siku hiyo, ahirisha safari.