Kumbe elimu ya bahari ilikua shairi

Wanafunzi wakija kutembelea chumba chetu cha miswada nawauliza, hesabu na mashairi wapi na wapi? Karibu wote wanasema havikutani. Basi ndo nawatolea habari ya Ahmad ibn Majid.

Huyu alikua mwalimu wa bahari, mtu wa Julfar, upande wa Ras al-Khaimah ya leo, karne ya 15. Mwaka 1462 alitunga Hawiya, humo mna nyota, pepo za misimu, dalili za kukaribia nchi kavu, na yote ni shairi, mistari zaidi ya 1,000! Ana lingine linaitwa Sufaliya, la njia ya kushuka pwani yetu mpaka Sofala kule Msumbiji, mswada wake ulikua Leningrad, mji wa Urusi unaoitwa St. Petersburg leo, mtaalamu wa Kiarabu wa hukohuko, Shumovsky, akauchapisha 1957.

Sa kwanini shairi? Fikiria uko chomboni usiku, karatasi inalowa, mwanga hakuna, na unatakiwa ujue nyota fulani ikiwa vidole vinne juu ya maji uko usawa wa bandari gani. Ndio, vidole, walipima kwa isbaa, yaani upana wa kidole, kama digrii moja na nusu na kitu hivi, kwa kibao chenye uzi wa mafundo, fundo unaliuma kwa meno, ukingo wa chini unaukalisha penye upeo wa bahari na wa juu kwenye nyota. Na ukivuka ikweta kuja kusini nyota ya kaskazini inazama, inabidi ushike nyota zingine na vipimo vyake, mambo ya kukumbuka yanazidi. Aliyepita chuo cha Kurani anajua, ulichohifadhi kwa ghibu utotoni hakikutoki. Tena alitunga kwa rajazi, aina ya mizani ya mashairi ya Kiarabu, kila mstari vipande vyake viwili vinashikana kina, ukikosea neno mizani inayumba, sikio linakataa hapohapo. Mimi naona mizani nayo ilikua kifaa cha kazi, sawa na kile kibao. Matabibu walifanya hivohivo, Ibn Sina aliyefariki 1037 aliiweka tiba kwenye urjuza, yaani shairi la rajazi, la mistari zaidi ya 1,300.

Kuna hii habari kwamba Ibn Majid ndo alimuongoza Vasco da Gama toka Malindi 1498, wengi tulifundishwa hivo, ila wanahistoria wengi siku hizi hawaikubali. Walimu wetu, mkilitaja jina lake darasani tafadhalini anzeni na Sufaliya.