Kitoweo cha Pasaka: mbuzi, kuku au samaki? Maswali na majibu kwa jiko la Dodoma

Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, na kwa Dodoma hizo ndizo wiki mvua inapoaga. Mlenda umejaa sokoni, mahindi ya kuchoma yapo kila kona, mbuzi wamenona kwa majani mabichi. Siku arobaini za Kwaresima zimekwisha, ndugu wa Dar wanateremka treni ya umeme na mabegi yao, na jikoni linabaki swali moja: tunapika nini? Haya ndiyo maswali yanayojirudia kila mwaka, pamoja na majibu yake.

Swali: Tutakuwa watu 12. Bibi ana presha, baba mdogo ana sukari, na watoto wapo. Kitoweo gani kinafaa wote?

Kuku wa kienyeji wa kuchemsha, kisha aungwe kwa nyanya na vitunguu. Wa kukaanga hapana.

Nafika hapo kwa kuanza na mgonjwa. Nyumba nyingi huchagua kitoweo cha kumfurahisha mgeni, halafu bibi anapikiwa kisufuria chake pembeni, anakula peke yake kama mtu aliyekosea. Mimi naona kinyume chake ndicho sahihi: pikeni chakula ambacho mwenye masharti mengi anakiweza, wengine wote watakila bila shida. Mafuta mengi ya kuku yako kwenye ngozi na chini yake, kwa hiyo ni rahisi kuyatoa. Chumvi mnaimiliki wenyewe, maana mchuzi ni wenu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo imo chumvi ya mkate wa asubuhi na ya kachumbari. Vile viungo vya vidonge na vipakiti vya mchuzi ni chumvi kwa sehemu kubwa. Ukivitia, usiongeze chumvi nyingine. Kitunguu saumu, tangawizi, ndimu na pilipili hoho vinatosha kumfanya mtu aombe kuongezewa.

Kuku mmoja wa kienyeji hashibishi watu 12, hilo kila mama analijua. Nunueni watatu, au wawili na samaki. Perege wa Mtera anafaa sana kwa mwenye presha akiwa mbichi na akapikwa mchuzi au kuchomwa. Aliyekaushwa kwa chumvi ni habari nyingine.

Swali: Mbuzi tumeshamnunua mnadani. Tumekosea?

Hamjakosea. Tazameni kiasi tu. Mfuko wa kimataifa wa utafiti wa saratani, World Cancer Research Fund, unashauri nyama nyekundu isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki, ikipimwa baada ya kupikwa. Mtu anayekula vipande vitatu vikubwa mchana, supu jioni na mishikaki Jumatatu, ameimaliza wiki yake kwa siku mbili.

Kadirieni gramu 100 za nyama iliyoiva kwa mtu mzima, sawa na kiganja bila vidole. Nyama hupungua uzito ikiiva, na mbuzi ana mifupa mingi, kwa hiyo watu wazima 12 wanahitaji kama kilo mbili na nusu mbichi. Sehemu ya mbuzi inayobaki si lazima iishe siku hiyo hiyo. Gaweni kwa majirani, ndiyo sikukuu yenyewe.

Na jambo dogo: nguruwe naye ni nyama nyekundu. Najua kwenye meza za kitimoto watu huapa kuwa ni nyeupe.

Swali: Tunaweza kumchinja wenyewe nyumbani?

Mwiteni mtaalamu wa mifugo wa kata amkague kabla na baada ya kuchinjwa. Mkinunua buchani, tafuteni muhuri wa mkaguzi kwenye nyama.

Kwa Dodoma hili si suala la karatasi. Mwanzoni mwa mwaka 2007, baada ya mvua kubwa, homa ya Bonde la Ufa ilivuma nchini na kuua zaidi ya watu 100, na mkoa huu ulikuwa miongoni mwa iliyoumia zaidi. Virusi vyake hubebwa na mbu, huingia kwa mifugo, kisha mtu huvipata kwa kushika damu, viungo vya ndani au mimba iliyotoka ya mnyama mgonjwa. Anayepata shida kwanza, basi, ni yule anayechinja na kuchuna, tena mwenye kidonda mkononi. Mlaji wa nyama iliyoiva vizuri yuko salama zaidi kuliko mchinjaji. Mlipuko hautokei kila mwaka, lakini Pasaka huja mwishoni mwa mvua, mbu wakiwa bado wapo, na kuvaa glavu hakuharibu ladha ya nyama.

Mbuzi aliyekufa mwenyewe haliwi. Hata kama alikuwa mzima jana, hata kama bei yake ni ya kutupa. Kimeta huja kwa njia hiyo.

Swali: Ni kweli kitimoto huleta kifafa?

Nusu kweli, na nusu inayokosekana ndiyo muhimu. Nyama ya nguruwe yenye vijifuko vyeupe kama punje za mchele, isipoiva, humpa mlaji minyoo aina ya tegu tumboni. Mtu huyo sasa anatoa mayai ya tegu kwenye kinyesi. Mayai hayo yakifika kinywani mwa mtu yeyote, kwa mikono isiyooshwa au mboga iliyomwagiliwa maji machafu, vijifuko huota mwilini mwake, na vikikaa kwenye ubongo ndipo kifafa kinapokuja. Kwa hiyo hata jirani ambaye hajawahi kugusa nguruwe maishani anaweza kukipata kupitia kachumbari. Nyama iive hadi ndani isibaki na wekundu, choo kitumike, mikono ioshwe kwa sabuni, na nyanya za kachumbari zioshwe kwa maji safi yanayotiririka.

Swali: Kuku wa kisasa wanachomwa sindano za kuwakuza?

Wanakua haraka kwa sababu ya mbegu yao na chakula wanacholishwa. Dawa inayostahili kutuhangaisha ni antibiotiki: mfugaji akishawapa, lazima asubiri siku zilizoandikwa kwenye dawa kabla ya kuuza. Muulizeni mnayemfahamu. Kwa lishe, kuku wa kisasa aliyechunwa ngozi ni kitoweo kizuri tu, na hamhitaji saa mbili za mkaa kumlainisha.

Swali: Babu ana jongo. Anaomba supu ya mbuzi na bia moja.

Hicho ndicho kifungua mlango cha kidole gumba cha mguu kuvimba usiku wa manane. Jongo husababishwa na asidi ya yuriki kuzidi kwenye damu, na asidi hiyo hutokana na vitu viitwavyo purini, ambavyo vimejaa kwenye maini, figo, utumbo na nyama nyekundu. Nyama ikichemshwa, sehemu ya purini huhamia kwenye maji, kwa hiyo supu inayoonekana nyepesi ndiyo iliyozibeba. Bia inaongeza purini na pia inazuia figo kuitoa asidi. Mpeni babu kipande cha kuku, mboga nyingi na maji ya kutosha. Atanung'unika, lakini Jumatatu atatembea.

Swali: Huwa tunapika usiku wa Jumamosi, tukitoka kanisani Jumapili tunapasha tu. Kuna ubaya?

Hapa ndipo ningependa msome taratibu, kwa sababu aina ya nyama haina uzito kama saa ambazo nyama inakaa.

Sufuria kubwa ya mchuzi ikiepuliwa saa nne usiku na kufunikwa, katikati yake hubaki vuguvugu hadi karibu alfajiri. Kuna bakteria ambao mbegu zao haziuawi na kuchemka. Zimelala tu. Mchuzi ukipoa polepole zinaamka na kuongezeka kwa kasi, maana zinapenda joto la kati ya nyuzi 5 na 60. Ukija kupasha vuguvugu saa saba mchana kwa sababu wageni wana njaa, unawagawia. Baada ya muda wa saa nane hadi kumi na mbili tangu kula, matumbo yanasokota, na lawama anapewa muuza nyama.

“Nikichemsha tena hadi itokote je?” Kwa nyama itasaidia kiasi. Kwa wali na pilau huenda isisaidie, kwa sababu baadhi ya bakteria wa wali huacha sumu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Wali wa jana uliolala mezani haurudi sahani.

Wenye friji: gawanyeni mchuzi kwenye vyombo vifupi, viwekeni kwenye beseni la maji baridi vipoe, viingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Kesho upashwe hadi utokote kila mahali, ukikorogwa.

Wasio na friji, au ambao umeme wao ni wa kubahatisha: usiku wa mkesha andaeni viungo tu. Menyeni vitunguu saumu, twangeni tangawizi, choteni maji, pangeni mkaa. Kuku achinjwe Jumapili asubuhi. Anayeenda ibada ya kwanza akirudi awashe jiko, wa ibada ya pili atakuta sufuria inatokota. Hotpoti ni msaada mkubwa, ila chakula kiingie humo kikitoka motoni moja kwa moja, na ukilifungua mvuke ukupige usoni. Likifunguliwa bila mvuke, limeshageuka sehemu ya kuzalisha vijidudu.

Na baba mdogo wa sukari, kama anachoma insulini, asikalishwe na njaa hadi saa tisa kwa kungoja wote wakusanyike. Mpeni chakula chake kwa wakati.

Swali: Pilau, wali au ugali?

Chochote, kikiwa robo ya sahani. Robo nyingine kitoweo, nusu iliyobaki mboga. Ugali wa uwele una nyuzinyuzi nyingi kuliko wali mweupe, na mlenda mbichi wa msimu huu unaenda nao kuliko kitu kingine chochote duniani. Sitajadiliana na mtu kuhusu hilo.

Swali: Mafuta ya alizeti ya Singida hayana lehemu, si tunaweza kumimina tu?

Mafuta yote ya mimea hayana lehemu. Lakini kijiko kimoja cha chakula kina kama kalori 120, na pilau ya sikukuu huwa inamiminiwa vikombe.

Swali: Tumbo likivuruga Jumatatu ya Pasaka, tufanye nini?

Maji kwanza, kabla ya dawa. Pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, anywe kidogo kidogo hata kama anatapika. Pakiti hakuna? Lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, na wa chini ya miaka mitano apewe pia zinki kutoka kituo cha afya kwa siku 10 hadi 14. Msimpe mtoto dawa ya kufunga tumbo. Mkiona damu kwenye kinyesi, homa kali, macho yaliyozama, mkojo umekata, au mtoto amelegea na hataki kunywa, nendeni kituoni saa hiyo hiyo, na kikombe cha ORS kiende naye njiani.