Kigelegele kina mahali pake

Mgeni akiingia kwenye misa ya Jumapili katika parokia zetu za Tanzania huwa anadhani vigelegele vinapigwa ovyo, yeyote akijisikia tu. Mimi ni mwalimu wa kwaya, na kwa nilivyoona, hakuna kitu chenye ratiba kali kama vigelegele. Subiri somo la kwanza lisomwe uone kama kuna atakayethubutu.

Tuanze na sauti yenyewe. Ulimi unacheza haraka huku na huku mdomoni, sauti nyembamba inapanda juu kabisa na kudumu kadiri pumzi inavyoruhusu. Kwa kuwa iko juu kuliko sauti ya kwanza ya kwaya, ngoma haziimezi, wala kinanda. Tena haina maneno, kwa hiyo haigombani na wimbo. Mama mmoja anaanzisha, mara nyingi kutoka kwenye benchi walilokaa WAWATA, yaani Wanawake Wakatoliki Tanzania, na vitenge vyao vya sare, wenzake wanadakia. Sikiliza anaanzia wapi: pale kiitikio kinapoisha na shairi halijaanza, au pale ngoma inapoingia baada ya kinanda kutangulia peke yake. Ndiyo maana nikipanga wimbo wa shukrani naacha mapigo manne matupu mwishoni mwa kiitikio. Mpiga kinanda akiyajaza kwa madoido yake, akina mama wanakosa pa kuingilia, halafu tunalalamika kwamba waamini wa siku hizi wamepoa.

Wapo wanaosema shangwe imeiondolea misa heshima. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu liturujia, ya Desemba 1963, inasema vingine. Namba 30 inahimiza waamini washiriki kwa kushangilia, kujibu, kuimba, hata kwa matendo na mikao ya mwili, na hapohapo inadai kimya kitakatifu kwa wakati wake. Kongo walikwenda mbali zaidi yetu: misale yao, kitabu cha kuadhimishia misa, iliyoidhinishwa mwaka 1988, enzi za Zaire, inaruhusu kucheza kuizunguka altare wakati wa wimbo wa Utukufu. Sisi uchezaji wetu uko zaidi kwenye maandamano, hasa ya matoleo, ambapo utaona ndoo ya mahindi kichwani, mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, na mbuzi anayegoma kupanda ngazi huku wimbo ukirudiwa mpaka akubali.

Anayetaka kuuona ufundi wa waamini aje Mkesha wa Pasaka. Kwaresima nzima hakuna Aleluya, na isipokuwa siku chache za pekee, Utukufu hauimbwi na kinanda kinaruhusiwa kushikilia sauti za waimbaji tu, si kujipigia. Kengele zinalia kwenye Utukufu wa Alhamisi Kuu, kisha zinanyamaza. Usiku wa Mkesha, baada ya masomo marefu ya Agano la Kale, padre anaanzisha Utukufu kwa Mungu juu: kengele zote zinapigwa kwa pamoja, ngoma zinaingia, na vigelegele vinalipuka kutoka kila upande. Hakuna aliyetoa ishara. Wanaijua kalenda hiyo kuliko walimu wengi wa kwaya.

Kwa ndugu zetu Wapentekoste ratiba ni nyingine: mapambio ya kusifu ya haraka na makofi, kisha ya kuabudu, taratibu, mikono juu. Nako pia kuna utaratibu, muulize kiongozi wa sifa aliyewahi kupandisha pambio la haraka watu wakiwa wameshaanza kulia.

Kinachonikera ni kuomba vigelegele. Mtu anashika maikrofoni: "Mbona mmelala? Pigeni vigelegele!" Watapiga, kwa adabu, mara moja, na vitakatika. Mara nyingi shida iko kwetu kwaya: spika zimefunguliwa mpaka mwisho, wimbo mpya una mashairi sita na haujawahi kufundishwa, kwa hiyo waamini wamegeuka watazamaji. Nikiwa na wimbo mpya naomba dakika tano kabla ya misa, tunarudia kiitikio na waliokwisha kufika, bila kinanda. Mashairi wakiyaacha si neno. Kiitikio wakikishika, wimbo wa kutoka hauhitaji mtu wa kuwachangamsha, na anayetaka kuwahi daladala itabidi apenye katikati ya wanaocheza.