Mti Mkubwa Ukianguka Mtaani: Tunayoyaamini na Yaliyo Kweli

Masika yanapokolea Moshi, kati ya Machi na Mei, haukosi mtaa ambao mti mkubwa umelalia ukuta au paa la mtu, na kabla matawi hayajaondolewa majirani huwa wamekwisha kukubaliana kuwa mti ulikuwa mzee. Maelezo hayo huponza miti mizima, kwa sababu wiki inayofuata kila mwenye mti mnene uani hutafuta mtu wa kuukata, ilhali ulio hatari kweli huachwa umesimama.

Umri peke yake hauangushi mti. Katika bonde moja la Mlima Kilimanjaro, juu ya mji huu huu, upo mkukusu wenye urefu wa mita 81.5, ambao mwaka 2016 ulitangazwa kuwa mrefu kuliko miti yote ya asili iliyowahi kupimwa Afrika, na umri wake unakadiriwa kupita miaka 500. Mijakaranda ya mjini ni michanga mno ukiilinganisha nao, lakini yenyewe huishi kati ya mabomba, misingi ya nyumba na zege.

Hapo ndipo dhana kubwa zaidi inapoingia, kwamba mti umeshuka chini kadiri ulivyopanda juu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mizizi hukaa ndani ya mita moja ya juu ya udongo, ikatandaa mfano wa sinia hadi nje ya kivuli cha matawi. Kwa hiyo mtaro wa bomba wenye kina cha futi mbili tu, ukichimbwa karibu na shina, unaweza kukata mizizi iliyoushikilia mti upande mzima. Mti hauonyeshi kitu siku hiyo, na huenda ukabaki wa kijani kwa miaka huku uozo ukiingia kwenye majeraha, mpaka mvua ilainishe udongo na upepo uje kulaumiwa. Mti ukishaanguka, tazama mizizi yake: mzizi uliokatika siku hiyo una nyuzi ndefu na mbao nyeupe, bali uliokatwa zamani una ncha iliyonyooka, nyeusi, inayopukutika ukiigusa kwa kidole.

Majani mabichi, basi, si ushahidi wa uzima. Wala shina lenye uwazi si lazima lianguke, kwa kuwa mbao za katikati ni mfu hata katika mti mzima, na nguvu nyingi hubebwa na sehemu ya nje ikiwa nene na imara. Dalili za kuhofia ni uyoga mgumu unaoota chini ya shina, ufa mpya kwenye udongo upande mmoja, na mti uliokuwa wima ambao umeanza kuinama. Ukiona mojawapo, mwite afisa misitu wa halmashauri aje autazame kabla ya mvua.

Kukata kichwa cha mti ili "upungue uzito" nako hakusaidii kama wengi wanavyodhani. Kidonda kikubwa cha juu huoza, na machipukizi yanayoota pembeni yake hukua haraka yakiwa yameshikamana kwa tabaka jembamba, hivyo baada ya miaka michache huwa mazito na rahisi kubanduka.

Hatari pia haiishi mti ukishalala. Waya wa umeme ulionaswa kwenye matawi unaweza kuua hata kama hautoi cheche, na matawi mabichi yaliyolowa hupitisha umeme. Kaeni mbali hadi TANESCO wakate umeme na kuthibitisha. Tena shina likikatwa, kisiki chenye mizizi na udongo mzito kinaweza kurudi wima ghafla na kufunika shimo lake, kwa hiyo watoto wasiruhusiwe kuingia humo hata kwa dakika moja.