Luton hawakushuka siku ya mwisho: tunavyodanganyana kuhusu vita ya kushuka daraja

Kila mwaka ikifika mwezi wa tatu wa nne hivi, vijiweni zinaanza zile hesabu za nani anashuka Ligi Kuu ya Uingereza, na kila mtu ana lake la uhakika. Mimi msimu wa 2023/24 niliufuatilia kwa ajili ya timu moja tu, Luton Town, kale katimu ka mji wa Luton kaskazini mwa London, uwanja wao Kenilworth Road unabeba watu elfu kumi na kitu na mashabiki wageni wanaingilia mlango uliopita katikati ya nyumba za watu, unapanda ngazi chini unaona uani kwa mtu kaanika nguo. Nimeumia nao miezi tisa, na kuna mambo mengi tunayasema kuhusu timu kama hizi siyo kweli kabisa.

"Katimu kadogo kakipanda kanapaki basi, ndo maana kanashuka"

Hii ndo inaniuma kuliko zote maana ni kusingiziwa. Luton walifunga mabao 52 msimu ule. Everton waliobaki wakamaliza nafasi ya 15 walifunga 40. Wolves 50, Nottingham Forest 49. Yani timu iliyoshuka ilifunga kuliko timu tatu zilizobaki, alafu mtu anakaa anasema walikuwa wanajificha golini! Brighton walipigwa 4-0 pale Kenilworth Road tarehe 30 Januari, Elijah Adebayo akapiga hat trick, yani mabao matatu peke yake, bao la kwanza hata nusu dakika haijaisha. Siku nne baadae wakaenda Newcastle wakatoka 4-4. Hilo basi lilipakiwa wapi?

Tatizo lilikuwa kule nyuma, walifungwa 85. Na siyo 85 za kuzidiwa tu. Tarehe 5 Desemba 2023 mechi ya Arsenal ilianza saa tano na robo usiku kwa saa za huku kwetu, kibanda umiza kimejaa jezi nyekundu, mimi nimebanwa kwenye benchi la mwisho karibu na mlango. Dakika ya 57 Ross Barkley anaipeleka Luton mbele 3-2, kibanda kizima kikanyamaza, unasikia feni tu inazunguka. Dakika tatu mbele Havertz kasawazisha, sawa, 3-3 na Arsenal ni pointi ya dhahabu kwa Luton, tukawa tunahesabu muda. Saa saba usiku imeshapita, dakika ya 97, krosi ya Ødegaard, Declan Rice kichwa, 4-3. Watu wanarukaruka na viti mimi nimeshika kichwa. Mwezi mmoja nyuma Liverpool nao walichomoa pale pale dakika ya 95 kupitia Luis Díaz ikaisha 1-1. Hizo mechi mbili tu ni pointi tatu zimeondoka dakika za lala salama.

"Kushuka kunaamuliwa mechi za mwisho"

Hapana. Mechi ya mwisho inasoma hukumu tu, kesi inakuwa imeshasikilizwa zamani. Chukua kalamu. Baada ya ile 4-0 ya Brighton Luton walikuwa wamecheza mechi 21 wana pointi 19, wametoka kwenye mstari mwekundu wa kushuka daraja na watu wanaanza kuwaheshimu. Mechi 17 zilizobaki walivuna pointi 7. Saba tu! Walishinda moja, wakatoka sare nne, kumi na mbili wakapoteza.

Sasa ukiniuliza mimi walishuka lini, sikutajii Mei. Nitakwambia tarehe 10 Februari, walipofungwa 3-1 nyumbani na Sheffield United, timu iliyomaliza mkiani na pointi 16 na kuruhusu mabao 104. Au nitakwambia tarehe 13 Machi kule Bournemouth, hadi mapumziko wanaongoza 3-0, wakafungwa 4-3. Nilizima simu.

Na hiyo mechi ya Bournemouth ina historia yake inabidi isemwe kwa heshima. Ilikuwa ya marudio. Ya kwanza ilikuwa tarehe 16 Desemba, ikavunjwa ikiwa 1-1 baada ya nahodha Tom Lockyer kuanguka uwanjani moyo umesimama, madaktari wakamuokoa pale pale. Na ilikuwa mara ya pili kuanguka mwaka huo, ya kwanza ilikuwa Wembley mwezi wa tano kwenye fainali ya mchujo dhidi ya Coventry, siku ile ile Luton wanapanda kwa penati. Wenzake walimuona amelala chini, na siku kumi baadae wakaenda Sheffield wakashinda 3-2. Hao ndo watu mnasema hawakuwa na moyo wa kupambana.

Kikosi chenyewe kilikuwa chembamba, mtu akiumia hakuna wa kuziba. Lockyer ndo hivo hakucheza tena msimu ule, Marvelous Nakamba wa Zimbabwe anayekaba pale katikati akakaa nje muda mrefu kwa sababu ya goti, Adebayo naye akaumia muda mfupi baada ya ile hat trick yake. Timu kubwa ikipoteza watatu inatoa watatu wengine benchini, Luton walikuwa wanapanga waliosimama.

"Ukifikisha pointi 40 umepona"

West Ham ya 2002/03 ilishuka na pointi 42, na ilikuwa na Di Canio, Joe Cole, Carrick, Defoe. Huku Forest mwaka ule wa Luton wakabaki na 32. Luton walimaliza na 26 wakashuka, msimu uliofuata wa 2024/25 Leicester wakashika nafasi ya 18 na pointi 25, maana yake zile 26 za Luton zingewaweka juu yao. Namba ya kupona anaiweka anayekufuata kwenye msimamo, haijaandikwa popote.

Ya "anayekuwa wa mwisho Krismasi lazima ashuke" nayo tuiache. West Brom 2004/05, Sunderland 2013/14, Leicester 2014/15, Wolves 2022/23, wote walikula Krismasi mkiani na wote walibaki. Leicester msimu uliofuata wakabeba ubingwa kabisa.

"Wangemfukuza kocha mapema wangepona"

Sheffield United walimtimua wao Desemba ile ile, wakamrudisha Chris Wilder, wakamaliza na pointi 16. Luton walibaki na Rob Edwards wakapata 26. Sisemi kubadilisha kocha hakusaidii kamwe, zipo timu kumewasaidia, ila watu wanaongea kama vile kocha mpya anakuja na beki wanne kwenye begi.

"Luton walionewa mezani"

Hii naisikia sana kwa wanaowapenda Luton wenzangu, na siwezi kuitetea. Msimu ule waliokatwa pointi ni wapinzani wao, Everton jumla 8 na Forest 4, kwa kuvunja kanuni za matumizi ya fedha. Kwahiyo meza iliwasogezea Luton ngazi. Forest pamoja na kukatwa wakamaliza pointi sita juu yao. Tukubali tu.

Kama unataka kuona Luton wakiumizwa na meza rudi 2008/09, wapo Ligi daraja la nne wanaanza msimu na pointi hasi 30, kumi kutoka chama cha soka kwa malipo ya mawakala na ishirini kutoka ligi kwa mambo ya ufilisi, na makosa mengi ni ya viongozi waliokuwa wameshaondoka. Uwanjani walivuna 56. Ukitoa 30 zinabaki 26, namba ile ile waliyokuja kushuka nayo Ligi Kuu miaka 15 baadae. Wakaangukia daraja la tano, nje kabisa ya ligi za kulipwa zenyewe, wakakaa huko miaka mitano.

"Wakilingana pointi inaangaliwa nani alimfunga mwenzie"

Hiyo ni Hispania. Uingereza wanaanza na tofauti ya mabao, alafu mabao ya kufunga, mambo ya walipokutana yanakuja mbali huko. Ndo maana nasema bao la tano ukiwa umeshafungwa manne siyo bao la bure. Mwaka 1998 Everton na Bolton walilingana pointi 40, Bolton wakashuka kwa mabao. Na Bolton hao mwezi wa tisa 1997, mechi ya kwanza kwenye uwanja wao mpya, tena na Everton hao hao, beki wao Gerry Taggart alipiga kichwa mpira ukavuka mstari, refa hakuona, ikaisha 0-0. Bao moja la Septemba lingewabakisha.

Na Luton yamewakuta. Msimu wa 2024/25 kwenye Championship, yani daraja la pili, siku ya mwisho tarehe 3 Mei walifungwa 5-3 na West Brom, wakabaki na pointi 49, Hull nao 49, Hull wakabaki kwa tofauti ya mabao na Luton wakashuka tena, mara ya pili mfululizo, hadi League One, daraja la tatu.

"Wana hela za parachuti, hawana shida"

Ni kweli timu ikishuka inapewa mgao, mwaka wa kwanza asilimia 55 ya lile fungu la TV ambalo timu zote zinagawana sawa, wa pili 45, wa tatu 20. Lakini ule wa tatu haupewi kama ulikaa Ligi Kuu msimu mmoja tu, na Luton walikaa mmoja. Alafu hela haichezi beki namba nne. Wameshuka tena hela ikiwa inaingia.

Ila anayesema kushuka ndo kufa namkatalia pia. Kuna mtu anaitwa Pelly-Ruddock Mpanzu, amezaliwa London ila amechezea timu ya taifa ya Kongo, alifika Luton 2013 wakiwa daraja la tano. Akapanda nao la nne, la tatu, la pili, na 2023 akaingia nao Ligi Kuu, wa kwanza kufanya hivo akiwa na timu moja. Siku Luton wanapanda pale Wembley nilikuwa namuangalia yeye tu, anazunguka uwanja na bendera ya Kongo, anawaangalia wenzake kama mtu asiyeamini kafikaje.