Mkomamanga wa uani na panga la jirani

Tanga mkomamanga ni mti wa uani. Hupandwa karibu na bomba au ukuta wa choo cha nje, kisha huachwa ujisimamie. Usipozaa, kila anayepita ana ushauri wake.

Ushauri wa kwanza: "Usiguse. Matawi yakiwa mengi, makomamanga nayo yatakuwa mengi." Si kweli. Kwa asili mkomamanga ni kichaka, hauchoki kutoa maotea shinani. Ukiachwa hivyo, katikati panakuwa giza, matunda ya ndani yanabaki madogo yasiyokolea rangi, na vidukari wanapata pa kujificha. Miiba nayo inamlinda kila mdudu dhidi ya mkono wako. Acha mashina matatu hadi matano yaliyoachana vizuri. Wapo wanaopenda shina moja, mti upendeze, ila mimi nachagua mengi: shina moja likitobolewa na funza, hujapoteza mti wote. Maotea mengine yafukulie mpaka yanapoanzia uyang'oe yangali machanga, kwani ukiyakata usawa wa udongo yatachipua tena, tena kwa wingi.

Ushauri wa pili ni kinyume chake, na ndio unaoumiza zaidi: "Teremsha panga mpaka kisiki, utaona utakavyozaa." Utakachoona ni majani. Maua ya mkomamanga hutoka kwenye ncha za vijitawi vifupi, na vingi vya vijitawi hivyo huota juu ya matawi yenye umri wa miaka miwili au mitatu. Anayenyoa mti wote ameyafyeka mavuno kabla hayajaja. Kibaya zaidi, matunda machache yatakayobaki yanakaa wazi, na jua letu la Januari linayachoma ganda upande mmoja. Anza na vilivyokauka, kisha matawi yanayosuguana na yale yanayorudi ndani. Ukishaondoa kama robo ya mti, weka mkasi chini. Mti mzee uliosahaulika unafufuliwa kidogo kidogo: shina moja kuukuu kila mwaka, huku otea moja zuri likilelewa kushika nafasi yake.

Kuhusu maua kupukutika, wengine husema ni jicho la hasidi, wengine kwamba mti unadai kupogolewa. Okota hayo maua uyatazame. Mengi yana kitako chembamba, umbo la kengele. Hayo kazi yake ni chavua tu, lazima yaanguke. Yanayoshika tunda yana kitako kipana, kama mtungi. Yakianguka ya mtungi kwa wingi, hapo ndipo pa kuuliza habari za maji na mbolea. Samadi ikizidi, mti hunenepa majani ukasahau kuzaa.

Kupasuka kwa matunda nako hakutibiwi kwa mkasi. Mti uliokaa na kiu miezi kadhaa, vuli ikaunyeshea ghafla, tunda linavimba ndani kuliko ganda linavyoweza kutanuka. Dawa ni kumwagilia kwa mpangilio na kuweka matandazo.

Wakati wa kupogoa? Video za Hispania na California husema majira ya baridi, mti ukiwa umepukutisha majani. Pwani hatuna baridi hiyo. Subiri uvune, kisha chagua siku kavu. Februari, kabla masika hayajaanza, inafaa sana. Kukata mvua ikinyesha ni kuukaribisha ukungu kwenye kidonda. Na kile kidonda usikipake oili chafu ya gari, mkato safi unajifunga wenyewe. Kinachohitaji kupakwa ni mkasi: ufute kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine.

Vijiti ulivyokata usivichome vyote. Kilichokomaa mwaka jana, unene wa penseli na urefu wa shibiri moja, ukikichomeka kwenye udongo wenye unyevu kinatoa mizizi kwa urahisi, na tunda lake litafanana na la mama yake. Mche wa mbegu hauna uhakika huo.